Peugeot 504 pikapu: miaka 11 na mkweche wa mjomba

Kila Jumamosi nikiegesha nyuma ya Soko Kuu hapa Mtwara kushusha nazi, lazima atokee mtu alizunguke gari mara mbili, agonge boneti kwa vidole kama anayechagua tikiti, kisha aulize: "Mama Pijo, hivi hizi hawazitoi tena?" Wengine wanauliza kwa kejeli. Wengine baba zao walikuwa nayo. Mwezi uliopita kaniuliza kijana wa bodaboda ambaye Wafaransa walipoacha kuitengeneza hii pikapu hata mama yake alikuwa hajaolewa. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika mara moja, anayetaka kununua mkweche kama wangu asome, na anayesubiri mpya asome pia.

Gari lenyewe ni Peugeot 504 pikapu. Peugeot ni kwa maandishi tu. Kwa mdomo ni Pijo, na ukitamka vingine huku watu watadhani unajidai. Ni la mwaka 1983, dizeli ya 2.3, gia nne, na mkono wa gia uko kwenye usukani, sio sakafuni. Mjomba wangu alilinunua mwaka 1991 kwa mradi mmoja uliokuwa unafunga virago. Lilikuwa jeupe. Leo lina rangi tatu: nyeupe ya kiwandani, nyeupe ya fundi, na kutu.

Mimi si fundi wala si mpenzi wa magari ya kizamani wa kupiga nayo picha. Nauza nazi. Msimu wa korosho ukifungua, nabeba magunia ya watu kutoka mashamba ya Nanyamba na Madimba mpaka ghala la chama cha msingi, kwa nauli ya gunia. Gari lisipofanya kazi wiki moja, nyumbani tunajua.

Lilifikaje mikononi mwangu? Kwetu Wamakonde mjomba akiwa na kitu humtazama mtoto wa dada yake, na watoto wake wa kuwazaa wanalijua hilo tangu wadogo, ingawa kujua si kukubali. Wapwa tulikuwa wanne, watatu wanaume. Mwaka 2014 mjomba akiwa hai bado, miguu tu ndiyo imekataa, alituita uwanjani akamtaka kila mmoja alirudishe gari kinyumenyume apite kati ya mnazi na kisima. Gia ya kurudi nyuma ya Pijo ina siri yake. Usipoijua unadhani unarudi kumbe unakwenda mbele. Kaka mkubwa aliugonga mnazi. Wa pili alizimisha mara tatu, akasema gari bovu. Wa tatu alikuwa mjanja, akasema ana simu ya haraka. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha mbele na mjomba miaka nenda rudi, nikishika daftari la mizigo, kwa hiyo mkono ulikuwa unajua wenyewe kabla ya mimi kufikiri. Nikarudisha. Mjomba akaita mjumbe, tukaandikishana siku ileile ili pasiwe na maneno. Maneno yakawepo vilevile, lakini hayo si ya hapa.

Sasa tathmini.

Kuliwasha. Unazungusha ufunguo nusu, unasubiri hita ipashe. Mimi nahesabu mpaka 20. Kusi likivuma, Juni na Julai, nahesabu mpaka 30. Ukiwa na haraka ukaanza kupiga stata kwenye 10, utamaliza betri na jirani watakuja kusukuma wakiwa wamejifunga kanga. Ukisubiri, linakohoa mara moja, linatoa moshi mweupe kidogo, kisha linatulia na ule mlio wa cherehani ambao mtoto wangu wa mwisho alikuwa hawezi kulala bila kuusikia ukitoka uwanjani alfajiri.

Mwendo. Hakuna. Injini ina nguvu za farasi 70 hivi, na baadhi yao nadhani walishakufa. Barabara ya lami kwenda Lindi ukiwa mtupu unaweza kufika 80 bila kutetemeka. Kupanda Newala kutokea upande wa Masasi na mzigo kamili ni gia ya pili kutoka chini hadi juu, na nyuma yako msururu wa watu wanaokupigia honi kana kwamba unafanya makusudi. Siku za mwanzo nilikuwa naona aibu. Sikuhizi natoa mkono dirishani nawaashiria wapite.

Mafuta nina daftari, sisemi kwa kukisia: na mzigo wa wastani ananipa kilomita 10 kwa lita, kwenye mchanga anashuka mpaka 7. (Ndiyo, namwita "ana". Ukikaa na gari miaka 11 utaniambia.)

Mzigo ndio ninapotaka mnisikilize vizuri, maana hapo ndipo lilipo jibu la lile swali la sokoni. Pikapu hii ilitengenezwa kubeba tani moja na ushee. Nabeba magunia 12 ya korosho, kila moja kilo 80, na nyuma inakaa chini kidogo tu kama mtu aliyeshiba. Lakini cha ajabu si uzito, ni kimo. Sakafu ya bodi iko chini. Mwanamke wa Msangamkuu mwenye tenga la samaki wakavu, ambaye hana mtu wa kumsaidia, analitua tenga pale kwa kuliegemeza kiunoni na kulisukuma kwa tumbo. Nimewaona wakifanya hivyo mara elfu. Bodi ni refu na limenyooka, kwa hiyo ngazi inaingia, mbao zinaingia, jeneza linaingia na mlango wa nyuma unafungwa. Nimebeba majeneza manne, sikutoza hata moja.

Kiti cha mbele ni kimoja kirefu, na kwa kuwa gia iko usukanini, katikati pako wazi. Tunakaa watatu, na wa katikati habanwi magoti na kitu.

Ubaya sasa. Usukani hauna msaada wowote, mikono yako ndiyo msaada, na kuliegesha mahali pabanifu ni sawa na kutwanga. Kiyoyozi hakuna, Januari saa nane mchana unaendesha ndani ya tanuri. Linasukuma kwa magurudumu ya nyuma peke yake, kwa hiyo mchanga wa kwenda Msimbati unataka adabu: nashusha upepo wa tairi kabla ya kuingia, siendi nikiwa mtupu kwa sababu nyuma inakuwa nyepesi inachimba, na bado nimekwama mara mbili nikasukumwa na vijana kwa shilingi 5,000 na nazi kumi. Na kutu. Nakaa Shangani, bahari naisikia kitandani. Chumvi ile haiulizi kama chuma ni cha Mfaransa au cha Mjapani. Sakafu ya upande wa dereva nimechomelea mara tatu. Mwaka wa jana kabla ya kuchomelea nilikuwa naiona lami ikipita chini ya kisigino changu.

Na jambo la mwisho la ubaya, ambalo wapenzi wa magari ya zamani hawapendi lisemwe: gari hili likigongwa, wewe ndiye bampa. Halina mfuko wa hewa. Breki zake zinasimamisha, lakini zinataka taarifa mapema. Mjukuu wangu haruhusiwi kukaa mbele, na safari ya Lindi nikiwa na watoto napanda basi kama watu wengine.

Niseme kidogo kuhusu gereji, maana bila gereji hakuna Pijo. Fundi wangu ni mzee aliyeanza kazi kwenye Pijo 404, kabla hata ya hii 504, na anafanya kazi chini ya mkungu pembeni ya barabara ya kwenda Mikindani. Bati hakuna, kibao hakuna. Februari mwaka huu gari lilianza kudunda likiwa limesimama, kama lina kwikwi. Nikampelekea nikiwa na hofu ya injini. Hakufungua kitu. Alichukua bisibisi refu, akaweka ncha yake juu ya nozeli ya kwanza, kile kidude kinachopulizia dizeli ndani ya injini, na mpini wake akaubana sikioni, akafumba macho. Akahamia ya pili. Alipofika ya tatu alibaki pale muda mrefu, mdomo wazi kidogo, akanipa bisibisi.

"Sikiliza, mwanangu."

Nikasikiliza. Ya kwanza na ya pili zinagonga tki, tki, tki. Ya tatu inagonga tki, inameza moja, inagonga tena.

"Umesikia anavyoruka? Huyo. Wengine wazima."

Akaitoa, akaipeleka kupimwa, ikawa ndiyo. Shilingi 60,000 pamoja na soda. Ile ovahoo ya injini mwaka 2019 ilinigharimu 1,850,000, na tangu hapo sijafungua. Fundi huyu nampa alama zote isipokuwa moja: ukimwambia una haraka anakaa chini anakunywa kahawa.

Spea ndizo zinazoumiza. Hapa mjini hakuna. Duka moja la Dar es Salaam, silitaji, liliniuzia gasketi ya silinda hedi nikiapiwa kuwa ni halisi, ndani ya boksi lenye nembo ya simba wa Peugeot. Ikadumu siku 19. Fundi alipoitoa aliikunja kwa vidole viwili kama karatasi ya maandazi, akanitazama, hakusema kitu, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko zile shilingi. Siku hizi naagiza kwa jamaa wa Kenya, zinakuja kwa basi, kwa sababu Kenya waliendelea kuziunganisha 504 miaka mingi na vyuma vyake bado vinazunguka. Vingine tunavitoa kwenye marehemu. Nanyamba kuna 504 moja imelala chini ya mkorosho, kuku wanatagia kwenye kiti chake. Mlango wangu wa kushoto na pampu ya maji vimetoka pale, kwa makubaliano na mwenye kuku.

Haya. Watazitoa tena?

Kwanza tuelewane kilichokufa ni kipi. 504 ya saluni, ile ya kubeba abiria, ilitoka mwaka 1968, mwaka uliofuata ikachaguliwa gari bora la mwaka Ulaya, na zikatengenezwa zaidi ya milioni 3 kwa aina zake zote. Ufaransa waliacha saluni mwaka 1983, mwaka uleule lilipotoka langu, lakini pikapu wakaiendeleza mpaka 1993. Baada ya hapo ziliendelea kuunganishwa Afrika, Kenya na Nigeria, mpaka tukaingia miaka ya 2000. Yaani gari lilikufa kwao likabaki kwetu, kama yule mjomba wa mbali ambaye ukoo mzima umeshamsahau ila kijiji kimoja tu kinamlisha.

Na si bure kwamba tuliipenda. Mjomba alikuwa na hadithi moja ya kila safari, nadhani aliisimulia mara mia tatu kati ya Mtwara na Mkwiti. Mashindano ya magari ya Safari, enzi zile yakipita Kenya, Uganda na Tanzania, Peugeot 404 iliyashinda mwaka 1963, na tena 1966, 1967 na 1968. Ile ya 1966 na ya 1967 aliyekuwa kwenye usukani ni Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi hapahapa Tanzania, na msomaji ramani wake Chris Rothwell. Kwa mjomba, huyo alikuwa Mtanzania, na ukibisha unashuka utembee. Kisha 504 nayo ikashinda mwaka 1975 na Ove Andersson, na 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Tope la Safari ndilo tope letu. Mtu aliyewahi kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, akasubiri pantoni ya Rufiji na mvua ikinyesha, hahitaji kuelezwa kwa nini gari lililoshinda Safari lilikuwa na heshima yake. Mjomba alikuwa akitoka Mtwara na chungu, unga, majembe mawili na mtu wa kusukuma.

Kurudi, imeshajaribu kurudi. Mara tatu kwa hesabu yangu, na hakuna hata mara moja ambayo ni yenyewe.

Mwaka 2017 Peugeot walileta pikapu kwa ajili ya soko la Afrika, wakaiita Peugeot Pick Up, na watu wengi wakaikumbuka 504. Dizeli ya 2.5, farasi 115. Ndani yake lilikuwa gari la Kichina la Dongfeng lililobandikwa simba usoni. Sisemi ni baya, sijaliendesha. Ila hilo si kurudi kwa mjomba, ni mtu mwingine kavaa koti la mjomba.

Mwaka 2018, kwenye maonyesho ya Paris, wakatoa lile zuri: e-Legend. La umeme, mistari yake imechukuliwa kwenye 504 ya milango miwili, ile ya kitajiri, na linaweza kujiendesha lenyewe. Watu walichanganyikiwa. Makumi ya maelfu wakatia saini mtandaoni kuomba liingizwe kiwandani. Halikuingizwa. Lilibaki gari moja la maonyesho. Binti yangu aliniletea picha yake kwenye simu, nikalitazama kweli lina uso wa Pijo, yale macho yenye huzuni kidogo pembeni. Nikamuuliza gunia linawekwa wapi. Akachukua simu yake akaondoka.

Mwaka 2020 ikaja Landtrek, hii wameitengeneza kwa kushirikiana na Changan wa China, na hii nimeipanda. Mwaka jana msimu wa korosho alikuja mgeni mmoja kwa kazi za maghala akiwa nayo, kabini mbili, dizeli ya farasi 150. Tulikutana kwenye mizani. Aliona simba wake na simba wangu wamesimama pamoja, akafurahi kama mtoto, akanikaribisha ndani twende Naliendele na kurudi.

Nitasema haki. Ni gari zuri. Ndani baridi, kimya, kioo kikubwa katikati cha kugusa kwa kidole, usukani unauzungusha kwa kidole kimoja na breki inakamata pale unapofikiri. Anabeba zaidi ya tani, sawa na wangu au kumpita. Kwenye rasta za Naliendele sikumwaga chai, na nilikuwa nayo mkononi. Ningekuwa na safari ya Dar es Salaam kesho na watoto nyuma, ningeomba hilo.

Tuliporudi nikamwomba jambo moja, tujaribu kupakia. Kulikuwa na gunia langu moja limebaki. Mpagazi wa pale, kijana wa haja, alilishika akalipandisha mpaka kifuani, akasita, akalazimika kulirusha kwa goti. Kwenye gari langu analisukuma tu. Kisha akapita mama mmoja na tenga lake, nikamtazama akilipima lile bodi kwa macho, akatazama la kwangu, akaja kwangu bila kuulizwa. Na kwa kuwa ni kabini mbili, bodi lenyewe ni fupi: watu watano wanakaa kifalme, magunia yanabanana. Najua ipo pia ya kabini moja, yenye bodi refu. Hiyo sijaiona Mtwara.

Fundi wangu naye alikuwepo siku hiyo, kaja kudai. Mwenye gari akamfungulia boneti kwa ukarimu. Mzee akachungulia. Juu ya injini kuna mfuniko wa plastiki, chini ya mfuniko waya, chini ya waya mabomba. Bisibisi lake alikuwa nalo mfukoni, akaligusa, akaliacha. Akafunga boneti taratibu, kama mtu aliyefungua mlango akakuta wenyewe wamelala.

"Huyu anataka kompyuta," akasema. "Ahsante, mwanangu. Zuri."

Ndiyo maana nawaambia wanaouliza: jina linaweza kurudi wakati wowote. Majina yanarudi kila siku. Renault 5 imerudi mwaka 2024 ikiwa ya umeme. Land Rover Defender waliifunga Januari 2016, miaka michache baadaye ikarudi, kubwa na ya gharama, na wenye Defender 110 za zamani wakasema hatumjui huyu. Peugeot sasa iko ndani ya kampuni kubwa ya Stellantis yenye majina chungu nzima, na siku yoyote mtu wa matangazo huko Paris anaweza kuamka akasema tutoe 504. Sitashangaa.

Lakini kirudi hiki? Hakiruhusiwi kwanza. Sheria za moshi na za usalama za nchi wanakouza magari hazitapitisha injini hii wala kabini hii, na mimi niliyesema mjukuu wangu hakai mbele siwezi kuwalaumu. Mfano wa karibu zaidi ni wa Toyota: Land Cruiser 70, lile la mwaka 1984, Japani walikuwa wameacha kuliuza kwao, wakalirudisha kwa muda mwaka 2014 na tena mwaka 2023, umbo lilelile. Watu wanauliza, kama wao wameweza, Peugeot washindwe nini? Jibu ni kwamba lile halikufa kamwe. Kiwanda hakikusimama, kwa sababu migodi, majeshi na mashirika ya misaada duniani kote yananunua mapya kila mwaka. Kulirudisha Japani ilikuwa ni kumrudisha mtu aliyekuwa safarini.

Sisi wa 504 je, tulikuwa tunanunua mapya? Hapa ndipo huwa nawaudhi watu pale sokoni. Mjomba alinunua lililotumika, mwaka 1991. Katika miaka 34, kutoka kwake hadi kwangu, kiwanda cha Peugeot hakijapata kutoka kwenye familia yetu hata senti moja ya gari jipya. Hata gasketi nilinunua ya bandia. Mwenye ile ya Nanyamba alipewa na baba mkwe. Tunalisifia gari kwa kuwa halifi, halafu tunashangaa aliyekuwa akilitengeneza alikwenda wapi. Ukimuuliza yule kijana wa bodaboda, "Wakilitoa jipya, shilingi milioni 90, utanunua?" anacheka. Mimi pia nacheka. Ningesubiri Mzungu mmoja alichoke baada ya miaka kumi.

Kwa hiyo kwa anayetaka, tafuta lililopo. Ukikuta mtu anauza chini ya milioni 4 na chesisi ni nzima, kaa chini mzungumze. Chukua nyundo ndogo, ugonge chesisi kuanzia nyuma ya kabini hadi mwisho. Sauti ikiwa ya kengele endelea, ikiwa ya boga lililooza shukuru uondoke. Hakikisha namba ya chesisi na ya kwenye kadi ni moja, maana nyingi za hizi zimepita mikono mitano na kadi bado ina jina la mtu wa kwanza, na yeye yuko kaburini; kubadilisha jina hapo utazeeka. Dizeli usiogope ikiwa na moshi mweupe asubuhi. Moshi wa bluu ogopa. Ya petroli sikushauri, siyo kwa sababu ni mbaya, kwa sababu sijawahi kuwa nayo na fundi wangu akiitaja anatema mate.

Kama kazi yako ni barabara ya mchanga kila siku, nunua Land Cruiser, na kama huna hela ya Land Cruiser, nunua punda. Kama unataka kubeba watoto shule, hapana. Kama unabeba vitu vya watu wasio na mpagazi, sijaona bado kinacholipita hili.

Alama, kwa wanaopenda alama: mzigo 10 kwa 10. Injini 9, ile moja ni ya nozeli ya tatu. Usukani 3. Baridi ya ndani 0. Spea 2. Usalama 2, na hizo mbili ni kwa sababu haliwezi kukimbia.

Minada ya korosho inaanza karibuni na gari liko tayari, isipokuwa taa ya nyuma ya kushoto, ambayo mbuzi wa jirani aliivunja kwa pembe nikiwa msikitini. Trafiki wa pale njia panda ameshaniambia mara mbili kwa upole, na ya tatu haitakuwa ya upole. Mwenye taa hiyo, ya 504 pikapu na sio ya saluni maana hazifanani, anikute nyuma ya Soko Kuu Jumamosi. Ya kulia ninazo mbili, tunaweza kubadilishana.